Mgonjwa, Askari na Bili

Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2020, kabla hata saa moja ya jioni haijafika, polisi walifyatua vitoza machozi kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa. Kafyu ya kwanza ya korona ilikuwa ianze saa hiyo, na umati wa wafanyakazi ulikuwa umebanana ukingoja feri iwavushe kutoka kisiwani warudi kwao kusini. Walichapwa virungu, wengine wakalazwa chini, huku wakikohoa na kujifuta machozi kwa mikono ileile ambayo Wizara ya Afya ilikuwa imewasihi wasiipeleke usoni. Ugonjwa unaoenea kwa pumzi ya mtu wa karibu ulikabiliwa kwa kuwasonganisha watu na kuwakohoza.

Mazungumzo ya leo yanahusu sera ya afya ya taifa wakati wa janga, na hasa jambo moja ndani yake: mtu aliyeugua alifikaje kwa daktari, na nini kilimzuia njiani. Mfano ni Kenya, kati ya Machi 2020 na mwisho wa mwaka 2021. Serikali ya Kenya ilifanya mengi mazuri, tena kwa haraka. Lakini kwa mgonjwa mwenyewe ilimtanguliza askari mbele ya daktari, na bili mbele ya dawa. Wananchi nao wakafanya ambacho mtu yeyote mwenye hofu angefanya. Walijificha.

Yaliyofanywa vizuri yatajwe kwanza. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, Mkenya aliyekuwa amerudi kutoka Marekani kupitia London. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa shule. Mutahi Kagwe, aliyekuwa ameingia Wizara ya Afya kama waziri wiki chache tu kabla, akawa anasimama mbele ya kamera karibu kila siku kusoma idadi ya waliopimwa, walioambukizwa na waliofariki. Nambari ya simu ya bure, 719, ilifunguliwa. Maabara za taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, zikaanza kupima sampuli ndani ya nchi. Wakenya wengi walikuwa hawajawahi kuona wizara ikiwapa hesabu ya kazi yake namna hiyo, siku baada ya siku.

Udhaifu wa hospitali nao haukufichika. Watafiti wa mpango wa KEMRI na Wellcome Trust walipiga hesabu ya vitanda na vifaa nchini: vitanda 537 vya wagonjwa mahututi na mashine 256 za kupumulia, kwa taifa la watu zaidi ya milioni 47. Katika kaunti 47, ni 22 tu zilizokuwa na angalau wodi moja ya wagonjwa mahututi. Mtu aliyeishiwa pumzi katika kaunti isiyo na wodi hiyo alitegemea gari la wagonjwa na barabara ya mbali. Tangu Katiba ya mwaka 2010 igatue huduma za afya, hospitali za kaunti ziko chini ya magavana, ilhali sera na hospitali kuu za rufaa zimebaki mikononi mwa serikali kuu. Kwa hiyo amri ilitoka mahali pamoja, na kitanda kilitafutwa kwingine.

Katiba hiyohiyo, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na inasema waziwazi kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Maneno hayo yalikuwa na umri wa miaka kumi korona ilipoingia. Hapo ndipo yalipopata mtihani wake mkubwa kuliko yote.

Tuanze na karantini, kwa sababu hapo ndipo imani ilipovunjika mapema.

Katika siku za mwisho kabla ya safari za ndege za kimataifa kusitishwa, usiku wa tarehe 25 Machi, serikali iliagiza kila anayetua nchini apelekwe moja kwa moja mahali palipoteuliwa, akae siku 14, na ajilipie mwenyewe. Mwenye fedha alichagua hoteli. Asiyekuwa nazo alipelekwa kwenye mabweni ya vyuo vya umma, na hata huko alitozwa shilingi 2,000 kwa siku. Zidisha mara 14, unapata shilingi 28,000. Mshahara wa chini kabisa kisheria wa kibarua wa Nairobi wakati huo ulikuwa shilingi 13,572 kwa mwezi. Yaani mtu aliyekuwa hajaugua, ila ameshukiwa tu, alidaiwa zaidi ya mishahara miwili ya mwezi ya kibarua.

Wala siku hazikuwa 14 kwa wote. Pale mmoja alipokutwa na virusi, wenzake waliochangia naye choo na ukumbi wa chakula waliongezewa muda, na bili ikaongezeka nao. Shirika la Human Rights Watch lilikusanya ushahidi wa watu waliomaliza muda wao na kupimwa wakakutwa hawana virusi, lakini wakazuiwa kutoka kwa kukosa fedha za kulipa. Mwezi Aprili video ilisambaa ikionyesha watu wakiruka ukuta wa chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC, Nairobi, mizigo mkononi. Serikali iliapa kuwasaka. Ingefaa kuuliza kwanza ni kitu gani humfanya mtu mzima aruke ukuta mbele ya kamera za simu.

Jambo lingine liliharibu zaidi. Wizara ilitangaza kwamba atakayekamatwa akivunja kafyu atapelekwa karantini siku 14. Kuanzia hapo karantini haikuwa tena hatua ya afya. Ikawa jela. Mwenye kikohozi na mvunja sheria waliwekwa chini ya paa moja, bila kujulikana nani anamwambukiza nani, na ujumbe ukafika kila mtaa: kupimwa ni kujipeleka polisi.

Sheria iliyotumika kuwashikilia watu hao ni ya zamani sana. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ilitungwa mwaka 1921 na serikali ya kikoloni. Inashangaza kwamba sheria hiyo, iliyoandikwa na watawala ambao hawakuwa na huruma nyingi kwa Mwafrika, inasema mtu anayedhaniwa ameambukizwa anaweza kuhamishiwa mahali pa kutengwa kwa amri ya hakimu na kwa gharama ya mamlaka ya eneo alimopatikana. Gharama ni ya mamlaka. Anayetengwa anatengwa kwa faida ya wengine, kwa hiyo wengine ndio wanaolipa. Jambo hilo lilieleweka mwaka 1921 na likasahauliwa mwaka 2020.

Matokeo yalionekana wazi Mombasa. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, wizara ilipeleka wapimaji Mji wa Kale, na huko Nairobi ikawapeleka Eastleigh na Kawangware. Waliojitokeza walikuwa wachache mno kuliko waliotarajiwa. Ilikuwa Ramadhani. Misikiti ilikuwa imefungwa, tarawehe zinasaliwa majumbani, kafyu inaanza muda mfupi baada ya watu kufuturu. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta na ukoo mzima huishi ghorofa moja juu ya nyingine, habari ya jirani haihitaji redio. Kila mtu alijua kinachotokea mtu akikutwa na virusi: gari linakuja na watu waliovaa mavazi meupe kutoka kichwani hadi miguuni, mtaa mzima unachungulia, familia yote inachukuliwa, na mwisho wa yote kuna bili. Wengi pia walikuwa wameona kwenye simu zao picha za maziko ya usiku kule Siaya, mwezi Aprili, mwili ukifukiwa harakaharaka bila jeneza wala ibada. Kwa Mwislamu wa Mji wa Kale, kama kwa Mjaluo wa Siaya, kumnyima maiti heshima yake ni jambo la kuogopwa kuliko homa.

Tarehe 6 Mei serikali ikafunga Mji wa Kale na Eastleigh, hakuna kuingia wala kutoka. Lakini wiki hiyohiyo ilifanya jambo la busara ambalo halikusifiwa vya kutosha: Kagwe alitangaza kwamba kuanzia hapo serikali ingebeba gharama za karantini na kutengwa katika vituo vya umma. Wiki sita zilikuwa zimepita. Katika ugonjwa wa kuambukiza, wiki sita ni muda mrefu mno. Uamuzi huo ungetangazwa siku ya kwanza, serikali ingejinunulia kitu ambacho baadaye haikuweza kukinunua kwa bei yoyote, yaani utayari wa mtu kufungua mlango anapobishiwa hodi na mhudumu wa afya.

Na sasa tuingie usiku.

Kafyu ilikuwa kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Magari ya wagonjwa na watoa huduma muhimu waliruhusiwa kupita. Kwa anayeishi mtaa wenye hospitali ya kibinafsi na gari uani, ruhusa hiyo ilitosha. Lakini uchungu wa uzazi haungoji mapambazuko, na wengi wa akina mama wa Nairobi na Mombasa hawana gari. Hufika hospitali kwa bodaboda, kwa matatu, kwa teksi ya jirani. Saa moja jioni vyote hivyo vilitoweka barabarani, kwa sababu dereva aliyekutwa nje alipigwa kwanza na kuulizwa baadaye.

Tangu Juni 2013 kujifungua katika hospitali za umma za Kenya kulikuwa bure, na baadaye mpango wa Linda Mama uliendeleza huduma hiyo kupitia bima ya taifa. Mama alikuwa na kitanda kisicho na malipo kikimngoja. Kilichomshinda ni kilomita nne za barabara kati ya chumba chake na kitanda hicho, usiku, mbele ya kizuizi cha polisi. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika kisa cha dereva wa bodaboda wa huko Pwani aliyempeleka mjamzito hospitalini katika siku za mwanzo za kafyu. Alipokuwa akirudi alipigwa na polisi, na akafa kwa majeraha hayo. Alifanya kazi ya gari la wagonjwa ambalo serikali haikuwa imelipeleka mtaani kwake, na hayo ndiyo yakawa malipo yake.

Huko Kiamaiko, Nairobi, tarehe 30 Machi, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya kwao. Rais aliomba radhi kwa taifa tarehe 1 Aprili kwa ukatili wa polisi. Tarehe 16 Aprili Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kafyu yenyewe ilikuwa halali, lakini nguvu iliyotumiwa na polisi kuitekeleza ilikiuka katiba. Radhi ilitolewa, hukumu ikatolewa, na bado mwanzoni mwa Juni mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ilieleza kuwa imepokea malalamiko 87 na kwamba vifo 15 vilihusishwa na polisi tangu kafyu ianze.

Daktari aliyeuona usiku huo kwa macho yake ni Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Aliona wodi ya wazazi ikipungukiwa na watu, na waliofika wakifika wamechelewa, wakiwa na matatizo ambayo yangezuilika saa chache kabla. Hakuna daktari anayehitaji utafiti wa miezi sita kuelewa maana yake. Akina mama hawakuwa wameacha kuzaa. Walikuwa wanazalia nyumbani, au wanangoja alfajiri huku wakivuja damu. Akaandika mtandaoni kwamba yuko tayari kusaidia usafiri. Kutokana na wito huo ukazaliwa mpango wa Wheels for Life, ulioshirikisha Wizara ya Afya, shirika la Amref, kampuni ya magari ya wagonjwa na kampuni ya teksi. Mama alipiga nambari ya bure, 1196, akazungumza na daktari, na kulingana na hali yake akapelekewa teksi au gari la wagonjwa, bila kulipa chochote.

Mpango huo unastahili kukumbukwa kwa urahisi wake. Haukujenga hospitali wala kuagiza mashine kutoka ng'ambo. Uliweka simu, daktari, dereva na kibali cha kupita kizuizini katika mnyororo mmoja, basi. Swali linaloumiza ni hili: kwa nini jambo hilo lilimngoja daktari mmoja mwanafunzi? Waliotunga amri ya kafyu walikuwa na mawaziri, makatibu, washauri na ramani ya kila kituo cha afya nchini. Kama mkunga mmoja angekuwa ameketi katika mkutano wao, angeuliza swali lake kabla wino haujakauka: nani atambeba mama saa nane ya usiku?

Ukitoka barabarani ukaingia hospitalini, ulikutana na keshia.

Bima ya taifa, NHIF, ilianzishwa mwaka 1966. Mfanyakazi wa kuajiriwa alikatwa kwenye mshahara. Mama mboga, fundi na mvuvi walitakiwa kulipa wenyewe shilingi 500 kila mwezi. Wengi hawakuweza kulipa mfululizo. Hivyo korona iliikuta Kenya ikiwa na bima ya afya kwa sehemu ndogo tu ya watu wake, chini ya mmoja kati ya wanne. Hata hao waliokuwa na kadi hawakupata jibu moja la wazi kwa muda mrefu kuhusu kitakacholipwa na kisicholipwa, na baadhi ya kampuni za bima za kibinafsi zilikuwa na kipengele cha kutogharimia magonjwa ya mlipuko. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walikadiria kwamba kumtunza mgonjwa mmoja mahututi wa korona kunagharimu karibu dola 600 kwa siku. Wiki mbili katika wodi hiyo ni zaidi ya dola 8,000.

Kila Mkenya anajua kilichofuata, kwa sababu kilipita kwenye simu yake. Kundi la WhatsApp linafunguliwa kwa jina la mgonjwa. Mweka hazina anateuliwa, orodha ya michango inanakiliwa na kuongezwa jina jina. Shilingi 200, shilingi 500, shilingi 1,000. Shangazi aliye Ughaibuni anaombwa abebe sehemu kubwa. Hospitali kadhaa za kibinafsi zilidai amana ya mamia ya maelfu ya shilingi kabla ya kumpokea mgonjwa anayehema, na hati za mashamba ziliwekwa rehani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kuamua kwamba kumzuilia mgonjwa hospitalini kwa sababu ya deni ni kinyume cha katiba. Desturi hiyo haikukoma, na wakati wa korona hata miili ilisubiri mochari hadi michango itimie. Undugu wa Wakenya ulijitokeza kwa namna inayotia moyo, na hakuna anayepaswa kuubeza. Ila mchango wa jamaa una mipaka: anayetoka katika ukoo maskini anachangiwa na maskini.

Juni 2020 wizara ilitoa mwongozo wa kuwatunza nyumbani wagonjwa wasio na dalili au wenye dalili nyepesi. Huo ulikuwa uamuzi mzuri. Ulipunguza woga wa kupimwa, ukaacha vitanda kwa waliozidiwa, na ukaigharimu nchi kiasi kidogo sana kuliko hospitali. Lakini mwongozo ulimtaka mgonjwa awe na chumba chake peke yake chenye hewa ya kutosha. Katika Mathare au Kibera, chumba kimoja ni nyumba nzima, na maji hununuliwa kwa mtungi. Aliyebeba mzigo wa kulinganisha mwongozo na hali hiyo ni mhudumu wa afya wa jamii, mara nyingi mama wa makamo wa mtaa huohuo, anayegonga milango akiwa na barakoa aliyojinunulia, bila mshahara wala bima. Hao ndio walioaminiwa. Mlango uliofungwa kwa wizara ulifunguliwa kwao, kwa sababu walijulikana kwa majina na kwa watoto wao.

Kuhusu fedha za ununuzi wa vifaa, hadithi ni chungu na inajulikana. Agosti 2020 vyombo vya habari vilifichua jinsi bohari ya dawa ya taifa, KEMSA, ilivyotoa zabuni za barakoa na mavazi ya kujikinga, na ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ukaonyesha ukiukaji wa sheria katika manunuzi ya shilingi bilioni 7.8. Shehena iliyonunuliwa kwa bei ya juu kuliko ya soko ilibaki imerundikana ghalani. Wakati huohuo wauguzi walilalamika kwamba wanavaa barakoa moja siku nzima.

Desemba mwaka huo daktari kijana wa miaka 28, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa korona kwa mkataba, alifariki kwa ugonjwa huohuo. Hakuwa amelipwa mshahara kwa miezi mitano, na hakuwa na bima ya matibabu. Wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma mwezi huo, madaktari nao wakafuata kwa siku chache. Wagonjwa waliumia kwa mgomo huo, hilo halina ubishi. Lakini serikali inayomtuma mtu kwenye wodi ya korona bila bima haiwezi kushangaa akikataa kwenda.

Wimbi la tatu lilipopiga, Machi 2021, neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu lilikuwa oksijeni. Tarehe 26 Machi Rais alizifunga kaunti tano, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Hospitali zilijaa, na familia zikaanza kutafuta mitungi ya kukodi. Hapa kuna somo la siku nyingi. Tangu mwaka 2014 daktari Bernard Olayo na wenzake, kupitia mradi wa Hewatele ulioanzia Siaya, walikuwa wakitengeneza oksijeni karibu na hospitali zinazoihitaji ili kupunguza bei, kwa sababu waliona watoto wenye nimonia wakifa kwa kukosa mtungi. Oksijeni ilikuwa pungufu kabla ya korona. Nimonia ya mtoto wa kijijini haikuwa imetangazwa moja kwa moja kwenye televisheni, basi upungufu ukavumiliwa.

Chanjo ya kwanza ilitua tarehe 3 Machi 2021, dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca kupitia mpango wa COVAX. India, iliyokuwa ikizitengeneza, iliposimamisha kuuza nje, Kenya ilibaki ikingoja kwa miezi. Katikati ya uhaba huo chanjo ya Sputnik V iliingizwa na kuuzwa katika hospitali za kibinafsi, hadi serikali ilipopiga marufuku uagizaji wa kibinafsi mwezi Aprili. Marufuku hiyo ilikuwa sahihi. Chanjo ikiwa haba, foleni ipangwe kwa umri na kwa hatari, na si kwa uzito wa mfuko.

Lakini Novemba mwaka huohuo mkono ule wa zamani wa shuruti ulirudi. Wizara ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa kikamilifu asingepata huduma za serikali ana kwa ana, na miongoni mwa mambo yaliyotajwa yalikuwemo kuwatembelea wagonjwa hospitalini. Wakati huo Wakenya watu wazima waliokuwa wamekamilisha chanjo hawakufika hata mmoja kati ya kumi, na wengine wengi walikuwa wamefika vituoni wakaambiwa zimekwisha. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo tarehe 14 Desemba. Inafaa kukumbuka kwamba katika kipindi hicho vituo vya chanjo vilipopelekwa masokoni, makanisani na misikitini, watu walipanga mistari.

Kafyu iliondolewa Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2021. Hadi janga lilipotulia, Kenya ilikuwa imeandikisha wagonjwa zaidi ya 340,000 na vifo zaidi ya 5,600. Mama aliyefia nyumbani akingoja alfajiri hayumo katika hesabu hiyo, wala dereva wa bodaboda wa Pwani.

Tangu wakati huo mengi yamebadilika kwenye karatasi. Septemba 2023 serikali ya Rais William Ruto ilizindua jeshi la wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja na mkoba wa vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ni wahudumu walewale wa mtaani, sasa wakitambuliwa. Oktoba 2024 NHIF iliondoka, ikaingia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo humkata mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara. Sheria yake ya mwaka 2023 imeunda mifuko mitatu, na mmojawapo ni wa dharura, magonjwa sugu na magonjwa mahututi.

Mfuko huo ndio wa kutazamwa kwa karibu. Kila Juni bajeti inaposomwa, wasikilizaji wanaoishi Kenya wana haki ya kumuuliza mbunge wao ni kiasi gani kimetengewa mfuko wa dharura, na ni kiasi gani kimefika hospitalini. Gavana aulizwe kama posho ya wahamasishaji wa kaunti yake imelipwa mwezi uliopita. Na Bunge liulizwe ni lini Sura ya 242 itaandikwa upya, pamoja na kanuni zitakazosema kabla ya ugonjwa mwingine kuingia kwamba karantini hailipiwi na anayewekwa ndani, kwamba polisi hawaigusi, na kwamba kila amri ya kufunga barabara usiku itaambatana na nambari ya simu, daktari wa kuipokea na gari lenye mafuta.